Waruinge Aliibiwa Mexico, Sio Munich

Wacha nianze na ile itawauma: miaka yote hii mmekuwa mkibishania pambano lisilo lenyewe.

Ndondi ikiingia tu kwa story za mtaa, iwe ni kwa kinyozi hapa Kware, iwe ni kwa kibanda cha chapo huko Pipeline, iwe ni kwa mat imekwama Outer Ring, lazima msee mmoja ataleta jina la Philip Waruinge. Na akilileta, maneno ni yale yale: "Huyo mzee aliibiwa dhahabu Munich." Wote wanatingisha kichwa. Hakuna anayeuliza nani alimwibia, alimwibia vipi, na tunajuaje. Dakika mbili baadaye watu wamerudi kwa Arsenal.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea hadi mwisho. Munich, mwaka wa 1972, Waruinge alishindwa kwa pambano la karibu sana ambalo lingeweza kuenda upande wowote. Wizi wenyewe ulifanyika miaka minne kabla, Mexico City, 1968, kwa nusu fainali ambayo wengi wenu hamjawahi hata kuisikia. Na ushahidi sio machozi yetu Wakenya. Ushahidi tuliachiwa na wale wale waliomnyima ushindi.

Tulia usome. Usiruke hadi kwa komenti.

Kwanza, huyu jamaa alikuwa nani

Kwa wale mlizaliwa juzi: Waruinge alikuwa bondia wa Nakuru, uzani wa unyoya, ile ya kilo 57. Dhahabu ya michezo ya Jumuiya ya Madola aliichukua mara mbili mfululizo, Kingston 1966 na Edinburgh 1970. Olimpiki alileta shaba 1968 na fedha 1972. Baadaye akaingia ndondi za kulipwa, akahamia Japan, akawa anapigana kwa jina la Waruinge Nakayama. Mwaka wa 1976 alipigania mkanda wa dunia wa WBC huko Panama dhidi ya Rigoberto Riasco. Hakuupata.

Na kabla uniambie "lakini Kenya ni ya mbio tu," hesabu na mimi. Munich 1972 Kenya ilirudi na medali 9. Tatu kati ya hizo zilitoka ulingoni: fedha ya Waruinge, shaba ya Dick "Tiger" Murunga na shaba ya Samuel Mbugua. Yaani kila medali tatu, moja ilikuwa ya ngumi. Hiyo ndiyo Kenya ambayo hatukufundishwa. Kwa hivyo tukibishania Waruinge, tunabishania kitu tulichokuwa nacho kabisa, sio ndoto.

Munich: wacha niwape haki yenu kwanza

Nitawapigia hoja yenu vizuri kuliko venye mnaipiga wenyewe.

Fainali ilikuwa kati ya Waruinge na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti. Majaji walikuwa watano. Watatu wakampa Kuznetsov, wawili wakampa Waruinge. Tatu kwa mbili. Jaji mmoja angebadilisha mawazo, leo tungekuwa na dhahabu ya ndondi miaka 16 kabla ya Wangila.

Isitoshe, Munich ilikuwa na harufu mbaya. Kwenye mashindano hayo hayo kulikuwa na pambano la Reggie Jones wa Marekani na Valeri Tregubov, Msovieti mwingine. Tregubov akapewa ushindi, ukumbi ukachafuka, watu wakapiga kelele wee. Pambano hilo linatajwa hadi leo kila orodha ya maamuzi mabaya ya Olimpiki ikitolewa. Kwa hivyo mtu akisema, "Wasovieti walibebwa Munich, na Waruinge alipigana na Msovieti," naelewa anatoka wapi.

Lakini hiyo ni harufu. Harufu sio ushahidi.

Ukitaka kusema mtu ameibiwa, lazima uwe na kitu zaidi ya matokeo ya karibu. Tatu kwa mbili ndio maana yenyewe ya pambano gumu. Watu watano wameketi pande tofauti za ulingo, kila mmoja anaona ngumi ambazo mwenzake amezibiwa na mgongo wa refa. Wawili waliona Waruinge, watatu wakaona Kuznetsov. Kwa pambano kama hilo, aliyeshindwa anaweza kulala akijua alikuwa sawa na bingwa, na bingwa pia analala akijua alibahatika. Hiyo inauma. Lakini kuumia ni tofauti na kuibiwa.

Na tuseme ukweli, wengi wa wale wanaoapa kwamba aliibiwa Munich hawajawahi kuona hata sekunde tano za pambano hilo. Walisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Hiyo sio hoja, hiyo ni urithi.

Sasa twende Mexico

Oktoba 1968. Mji uko juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Wenzake wa riadha wako hapo, Kipchoge Keino anachukua dhahabu ya mita 1,500, Naftali Temu ya mita 10,000, Amos Biwott ya kuruka viunzi na maji. Waruinge yuko Arena México, anapanda ngazi ya uzani wa unyoya pambano baada ya pambano hadi nusu fainali.

Anapatana na nani? Antonio Roldán. Wa wapi? Wa Mexico. Anapigana wapi? Mexico.

Matokeo: tatu kwa mbili, Roldán.

Najua unachosema. "Si umetuambia sasa hivi tatu kwa mbili sio ushahidi?" Kweli kabisa, na sijabadilisha. Kama tungekuwa na hiyo tatu kwa mbili peke yake, ningekwambia tunyamaze. Na kelele za mashabiki wa nyumbani peke yake, ningekwambia pia tunyamaze, juu kila bondia hupendwa kwao. Lakini Mexico kuna kitu cha tatu, na hicho ndicho Munich haina.

Kuna kombe linaitwa Val Barker. Lilikuwa likitolewa kwenye Olimpiki kwa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote kwenye mashindano mazima, uzani wowote. Nani alikuwa akilitoa? Zamani hizo lilikuwa linatolewa na AIBA, chama cha ndondi cha dunia, chama kile kile kilichosimamia refa na majaji.

1968 kulikuwa na uzani 11, kwa hivyo mabingwa 11 wenye dhahabu shingoni. Mmoja wao alikuwa George Foreman, ndiyo, Foreman yule yule ambaye Muhammad Ali alikuja kumlaza Kinshasa 1974. Mwingine alikuwa Roldán mwenyewe. AIBA wakawaangalia wote 11, wakawapita. Wakapita na wenye fedha. Wakateremka hadi kwa shaba, wakachukua kombe la bondia bora wa Olimpiki nzima, wakampa Philip Waruinge wa Kenya.

Soma hiyo tena polepole. Chama kilisema Waruinge ni wa tatu kwa uzani wake. Chama hicho hicho kikasema Waruinge ni wa kwanza kwa wote. Na huyo waliyesema ni bora kumliko, Roldán, walikuwa naye hapo hapo wakimchagua mtu wa kombe. Hawakumchagua.

Mimi sihitaji kulia. Wao wenyewe waliandika hukumu mbili, na hizo mbili haziwezi kuwa kweli zote kirahisi hivyo.

"Lakini ufundi sio ushindi"

Hii ndiyo hoja nzuri zaidi dhidi yangu, na nitaijibu bila kuzunguka.

Msee atasema: kombe ni la mashindano yote, sio la usiku mmoja. Inawezekana Waruinge alikuwa moto kwa mapambano mengine yote, halafu nusu fainali akawa na siku mbaya. Na pia mtu anaweza kuwa na mtindo mtamu wa kutazamwa na bado achapwe.

Ya kwanza inawezekana, nakubali. Lakini basi ujiulize: siku mbaya gani hiyo ambayo bado majaji wawili kati ya watano walimpa ushindi mbele ya umati wa nyumbani wa mpinzani wake? Hiyo "siku mbaya" ilikuwa nusu ya siku nzuri tayari.

Ya pili inatokana na kutoelewa ndondi za ridhaa. Watu wanafikiria ufundi ni kucheza miguu na kutikisa mabega kama uko kwa klipu ya TikTok. Sivyo. Ndondi za Olimpiki za wakati huo zilikuwa raundi tatu za dakika tatu, na kilichotakiwa kuhesabiwa ni ngumi safi: imetua kwa sehemu halali, kwa upande wa kifundo cha glavu, haijazuiwa. Nguvu ya kumpeleka mtu chini haikupewa alama za ziada zaidi ya ngumi nyingine. Aliyeshinda raundi alipewa 20, mwenzake akapungukiwa. Kwa hivyo bondia mwenye ufundi bora ndiye hasa anayefanya kile ambacho jaji ameketi hapo kukihesabu. Kugusa bila kuguswa. Ukisema huyu ndiye bora duniani kwa kugusa bila kuguswa, halafu useme alipoteza mchezo wa kugusa bila kuguswa, una kazi ya kueleza. Hakuna aliyewahi kutueleza.

Na fainali yenyewe? Roldán alipatana na Mmarekani Al Robinson. Raundi ya pili, refa akamtoa Robinson kwa madai kwamba alipiga kwa kichwa. Pambano likaishia hapo, dhahabu ikabaki nyumbani. Uamuzi huo pia ulizua makelele hadi leo. Kwa hivyo njia ya dhahabu ya Roldán ina maamuzi mawili yenye alama ya kuuliza, moja nusu fainali, moja fainali, yote mawili yakianguka upande mmoja.

Hapa niwe makini, juu sitaki mtu anibandike maneno. Sisemi Roldán alikuwa mwizi. Yeye alipanda ulingoni, akapigwa, akapiga, akangojea mkono uinuliwe kama kila mtu. Bondia hajipi pointi. Na sisemi Waruinge angempiga Robinson, hiyo hakuna anayejua. Alichoibiwa Mexico ni kiti chake cha fainali. Haki yake ilikuwa kupanda ulingoni siku ya mwisho akapigania dhahabu na Mmarekani, ashinde ama ashindwe. Hiyo nafasi walimpa mtu mwingine, yeye wakampa kombe la kumtuliza.

Seoul ndiyo inafanya nisilale

Kama bado unadhani naunganisha vitu havina uhusiano, twende miaka 20 mbele.

Tangu kombe la Val Barker lianze 1936, limewahi kuenda kwa watu watatu tu ambao hawakushinda dhahabu. Wa kwanza ni Mmarekani Louis Laurie mwaka huo wa 1936. Wa pili ni Waruinge. Wa tatu ni Roy Jones, Seoul 1988.

Ya Roy Jones mnaijua wote, iko YouTube, kila mwezi kuna mtu anaipost upya. Fainali dhidi ya Park Si-hun wa Korea Kusini, ndani ya Korea Kusini. Hesabu ya ngumi zilizotua ilikuwa 86 kwa 32, Jones. Majaji: tatu kwa mbili, Park. Uso wa Park mwenyewe ulionyesha ameshangaa. Kisha AIBA wakampa Jones kombe la Val Barker. Baada ya aibu hiyo ndondi za ridhaa zikaletewa mashine za kuhesabu pointi, zikaanza kutumika Olimpiki ya 1992. Na 2023 Park alionekana nyumbani kwa Jones huko Marekani akimkabidhi ile medali kwa mkono wake.

Sasa weka picha mbili sambamba. Bondia wa nchi mwenyeji. Tatu kwa mbili. Aliyeshindwa anapewa kombe la bora wa wote. Seoul 1988 hakuna mtu mwenye akili anabisha kwamba ulikuwa wizi. Mexico 1968 ni muundo ule ule, hatua kwa hatua, tofauti ni kwamba Jones alikuwa Mmarekani mwenye kamera za televisheni nyuma yake, na Waruinge alikuwa Mkenya wa nchi yenye uhuru wa miaka mitano. Mmoja akawa kesi ya dunia. Mwingine akawa story ya kinyozi, na hata hiyo story tumeiweka kwa mji usio wake.

Na kuna kipande ambacho wapenda "wazungu wanatuonea" hawapendi kukisikia. Kati ya majaji watatu waliompa Park ushindi ule wa aibu, mmoja alikuwa wa Uganda. Jirani yetu hapa. Mwingine wa Morocco, mwingine wa Uruguay. Kwa hivyo tuache kufikiria uamuzi mbovu una rangi ama pasipoti. Uamuzi mbovu una mazingira: mwenyeji ana nguvu, jaji hana wa kumuuliza, karatasi haionyeshwi mtu. Ukiweka mazingira hayo Nairobi, utapata majaji wabovu Nairobi.

"Si angempiga KO tu"

Hii ndiyo huwa inanichemsha. Mtu ameketi kwa kiti cha plastiki, soda mkononi, anakwambia, "Bingwa wa kweli haachii majaji." Na mfano wake ni Robert Wangila.

Ni kweli, Wangila hakuachia mtu. Seoul hiyo hiyo, 1988, fainali ya uzani wa welter, alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Heshima milele.

Lakini fikiria unachomwambia kijana. Unamwambia haki iko upande mmoja tu, upande wa kumzimisha mwenzako. Kwamba kama hujamlaza mtu, usiulize kitu. Wangila huyo huyo alikufa Las Vegas Julai 1994, akiwa na miaka 26, siku chache tu baada ya pambano na David Gonzalez. Refa alisimamisha pambano, Wangila akapinga, alitaka kuendelea. Baadaye akiwa chumba cha kubadilishia nguo akapoteza fahamu, hakuamka. Sisemi majaji walimuua. Nasema mchezo huu una bei, na bei hiyo inalipwa na ubongo wa mtu. Ndondi iliwekewa pointi ili bondia mwerevu ashinde bila kuua na bila kuuawa. Ukiharibu pointi, umewaambia vijana wote waende wakatafute KO. Majaji wabovu wanafanya ulingo uwe hatari zaidi.

Na wale wa "bingwa wa kweli angerudi": alirudi. Waruinge alirudi 1972, akakosa dhahabu kwa jaji mmoja. Stephen Muchoki alichukua fedha ya ubingwa wa dunia Havana 1974, nyuma ya Mcuba Jorge Hernández, akiwa Cuba. Hernández akaenda kushinda dhahabu ya Olimpiki Montreal 1976. Muchoki hakuwa huko, Kenya ilisusia. Akarudi 1978 Belgrade, akawa bingwa wa dunia wa ridhaa. 1980 Kenya ikasusia tena. Unaona? Watu wetu walirudi. Mlango ndio haukuwa wazi kila mara.

Mkuki kwa nguruwe

Sasa nigeuze ngumi kwetu wenyewe, juu hii posti sio ya kuwapaka mafuta.

2016 Fatuma Zarika alienda Flint, Michigan, akampiga Alicia Ashley kwa uamuzi uliogawanyika, akarudi na mkanda wa WBC. Hakuna Mkenya aliyesema majaji walikosea. 2018 akautetea hapa Nairobi dhidi ya Yamileth Mercado wa Mexico, tena kwa uamuzi uliogawanyika. Tulishangilia. Je, kuna kijana huko Chihuahua saa hii anaandika posti kwamba Mercado aliibiwa Nairobi? Inawezekana kabisa. Mwaka uliofuata walirudiana kwao Mexico na Mercado akachukua mkanda.

Ninachosema ni hiki: huwezi kuita kila tatu kwa mbili inayokuumiza wizi, halafu kila moja inayokufaa uite ushujaa. Ukifanya hivyo, neno "wizi" linakuwa mdomo tu. Na siku wizi wa kweli ukitokea, kama wa Mexico, hakuna atakayekusikiliza, juu wewe ni yule wa kulia kila wiki.

Na unatokea. Mwaka jana niliona pambano la ridhaa kwa ukumbi mmoja huku Eastlands, sitautaja na sitataja klabu. Vijana wawili, raundi tatu. Wa kona ya bluu alikuwa anatuma jab, anatoka, anatuma, anatoka. Wa kona nyekundu, ambaye ukumbi ni wao, alikuwa anarusha mikono mikubwa, nyingi zinagonga glavu. Mkono ukainuliwa wa nyekundu. Nusu ya ukumbi wakapiga kelele "wizi!" Nusu wakajibu na ile methali ya asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nikawauliza watatu wa "wizi" wanieleze raundi gani bluu alishinda. Mmoja akasema, "Si umeona venye alikuwa anatembea?" Mwingine akasema yule mwingine alikuwa anahema sana. Wa tatu alikuwa ni binamu yake. Simu zilikuwa hewani labda 40. Nikaomba klipu. Kila mtu alikuwa amerekodi wakiingia, ngoma ikipigwa, na mkono ukiinuliwa. Hakuna hata simu moja iliyokuwa na raundi tatu kamili. Yule kijana wa bluu alienda nyumbani bila chochote cha kuonyesha mtu. Waruinge angalau alipewa kombe.

Kuhusu hiyo methali, naomba tuitumie vizuri. Asiyekubali kushindwa si mshindani, sawa. Lakini kukubali kushindwa na kukubali kuonewa ni vitu viwili. Methali haikusema asiyekubali kuonewa si mshindani.

Sasa tufanye nini

Msifikiri haya mambo ni ya zamani. Uchunguzi uliofanywa kuhusu Olimpiki ya Rio 2016 ulisema matokeo ya mapambano yalichezewa, na waamuzi na majaji wote 36 wa Rio hawakuruhusiwa kufanya kazi Tokyo. 2023 chama chenyewe cha ndondi kikaondolewa kutambuliwa na kamati ya Olimpiki. Kwa hivyo kijana wa hapa mtaani anayeamka saa kumi na moja kukimbia kabla ya kuenda kazi Industrial Area anaingia mchezo ambao bado unajitafuta. Sisi mashabiki ndio tumebaki.

Nawaomba vitu vitatu, na hakuna kinachohitaji pesa.

Moja, rekodi raundi, sio mashabiki. Simama mahali pamoja, shika simu, dakika tatu, usikate. Hiyo klipu inaweza kuwa ndiyo wakili pekee wa bondia wa mtaa wenu.

Mbili, uliza karatasi. Ukumbini, baada ya pambano, kwa heshima, muulize msimamizi kila jaji alitoa pointi ngapi kwa kila raundi. Wakizoea kuulizwa watazoea kujibu.

Tatu, jifunze kuhesabu mwenyewe. Chukua pambano lolote, zima sauti ili mtangazaji asikudanganye, andika raundi kwa raundi: ngumi safi, nani, ngapi. Kisha ndio uangalie matokeo. Fanya hivyo mara kumi na utashangaa ni mara ngapi majaji walikuwa sawa na wewe ndio ulikuwa na kelele. Na ile mara moja ambapo hawakuwa sawa, utakuwa na kitu cha kuongea.

Haya, komenti ziko wazi. Wale wa Munich, najua mnakuja. Karibuni. Lakini sheria ni moja: usiniambie aliibiwa. Nionyeshe raundi.